Fundi Aliyempanulia Mkewe Gauni

Mama Pacha alikuwa na gauni la zambarau ambalo alilitaja kila walipokaa wanawake watatu pamoja. Mumewe alimshonea kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, enzi ambazo pacha wake walikuwa bado wanatambaa. Sasa pacha hao wana ndevu na kila mmoja ana kwake, na gauni bado lilimkaa bila kusukumana. "Kipimo changu ni kile kile," alikuwa akisema, huku akijigeuza ubavu ili waone vizuri. "Ninyi mnaumuka kama unga uliotiwa hamira, mimi nipo pale pale." Wenzake walicheka. Macho hayana pazia, lakini midomo inayo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia kwamba na yeye ameumuka.

Usimwone mjinga. Nyumbani kwao kulikuwa na kioo kimoja tu, kile cha kunawia uso, kinachokomea mabegani. Mizani haikuwepo. Watu wengi hujijua wamenenepa siku nguo inapowagomea, na nguo za Mama Pacha hazikuwahi kumgomea hata siku moja, kwa sababu zote zilishonwa na mtu aliyelala naye kitanda kimoja.

Mtu huyo ni Baba Pacha, na mtaani aliitwa Fundi, basi, ingawa safu nzima ile ilikuwa ya mafundi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, mlango ukitazama barabara, kinyozi upande huu na muuza vifungo upande ule. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, pasi nzito, na cherehani ya miguu ambayo aliifunga mota ili asichoke. Tangu siku ile miguu yake haikuwa na kazi. Alikaa asubuhi, akasimama kula, akakaa tena mpaka jioni, na chini ya meza kulikuwa na kreti ya soda ambayo haikuruhusiwa kukauka. Alikuwa mpole, mcheshi, na wateja walimpenda kwa jambo moja: hakumwambia mtu kuwa amenenepa. Alipima, akanyamaza, akakata kwa ukarimu. Mtu akivaa alijiona vilevile alivyokuwa mwaka jana, akaondoka anapiga mluzi.

Ukarimu huo ndio aliopeleka nyumbani. Ilianza siku zipu ya gauni la zambarau ilipokwama katikati ya mgongo wa Mama Pacha, watu wanasubiri nje na safari ya sherehe imefika. Mama Pacha alikaa kitandani, mikono imelegea, machozi yanamlengalenga. Fundi hakuweza kuvumilia uso ule. Alivuta zipu mara moja zaidi kwa ajili ya kuonekana tu, akasema, "Zipu hii mbovu. Vaa jingine leo, hili nitalibadilisha zipu." Kesho yake alilipeleka kazini, akafumua mbavu zote mbili, akatoa kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya mshono, akashona upya. Na zipu akabadilisha, ili uongo uwe na miguu ya kusimamia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi ilikuwa ndefu, maana aliipanua kila ilipotaka kuisha. Kila Mama Pacha alipompa gauni alipige pasi, yeye alilipanua kidogo. Hakuhitaji kumpima, alimtazama tu anapoinama kuokota kitu sakafuni, akajua. Akiba ya ndani ilipokwisha, aliingia kwenye kipande kilichobaki siku ya kukata. Kipande hicho alikuwa amekitundika ukutani karibu na dirisha, jua likipiga, ili kifubae sambamba na gauni lenyewe na rangi zisije zikasutana. Humo alikata utepe mwembamba, akauingiza chini ya kwapa mpaka kiunoni, akaufuata mshono wa zamani mpaka hata fundi mwenzake asingeuona. Kazi ilikuwa safi mno, na yeye mwenyewe aliionea fahari. Hilo la fahari ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Sasa kuna jambo la mama yake Mama Pacha. Mama yule alikufa kwa kisukari, na hakufa haraka. Kwanza macho, kisha kidole cha mguu, kisha mguu wenyewe. Aliyemwogesha, aliyemsomea vibandiko vya dawa na kumshika mkono kwenda chooni alikuwa Mama Pacha. Baada ya mazishi hakulitamka tena jina la ugonjwa. Alisema "ule wa mama." Na kila alipouogopa, alijituliza kwa maneno yale yale: "Mama alikuwa mnene. Daktari alisema unene ulimchongea. Mimi siwezi kuupata, gauni langu ni lile lile." Mara ya kwanza Fundi kusikia maneno hayo alikuwa anakunywa chai. Chai ilimpalia. Alikohoa mpaka akapigwa mgongo, na alipotulia alisema, "Ni kweli, mke wangu." Moyoni alijua kwamba amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa mtu ambaye maisha yake yanategemea ukweli, na hakujua atautoa wapi ukweli huo sasa.

Angeendelea hivyo hivyo kama nesi wa zahanati asingekuja kuchukua makoti meupe aliyoagiza. Alikuja na mfuko wa vifaa, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wanapita safu za wafanyakazi wa kukaa kutwa: mafundi, makarani, madereva. Kinyozi alipimwa wa kwanza, muuza vifungo akafuata. Fundi akasema yeye hana haja ya kufungwa futi kiunoni.

"Kiuno changu nakijua, binti yangu. Kupima ni kazi yangu." Akataja inchi zake bila kusita.

Nesi alitabasamu, akachukua futi ya Fundi mwenyewe kutoka shingoni mwake, akaizungusha kitovuni. Ncha na ncha zilikutana mbali sana na pale alipopataja. Kinyozi, ambaye hana breki mdomoni, akasema, "Fundi, hicho ulichotaja ni kiuno cha harusi yako." Watu walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Fundi naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Mganga hajigangi. Suruali zake alikuwa akizipanua kwa mazoea, kama mtu anavyosukuma mlango wa nyumbani kwake, bila kutazama kipimo.

Kesho yake alifika zahanati na njaa, kama alivyoagizwa, akachomwa kidole. Nesi aliangalia majibu, akavuta kiti karibu.

"Hujaugua, baba. Lakini uko mlangoni, na mlango uko wazi. Bado unaweza kurudi nyuma."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa miguu yako na sahani yako. Nusu ya sahani iwe mboga. Soda weka mbali, na sukari ya chai ipunguze mpaka ulimi uzoee. Tembea nusu saa kila siku, mwendo wa kukaza, si wa kuangalia madirisha ya watu. Na kile kiti chako usikikalie kutwa nzima, simama kila mara. Ukipungua hata kidogo tu, sukari nayo inashuka. Nyumbani uko na nani?"

"Na mke wangu."

"Kwao kuna mwenye kisukari?"

Fundi akamweleza habari za mkwewe. Nesi aliacha kuandika.

"Basi mlete. Yeye yuko karibu zaidi kuliko wewe. Usimwache mpaka aone kiu na kizunguzungu, maana wengine hawaoni chochote mpaka wamechelewa."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alitunga maneno. Mama Pacha alimsikiliza majibu yake mpaka mwisho, akamshika bega, akamhurumia kweli. Kisha akaambiwa kwamba na yeye anaitwa.

"Mimi? Mimi nikapimwe nini? Wewe kitambi chako kinatangulia kuingia ndani, wewe unafuata baadaye. Mimi unanijua." Akaenda chumbani, akarudi amelishika gauni la zambarau kwa hanga yake. "Hili si shahidi?"

Na Fundi, ambaye njia nzima alikuwa ametunga maneno, alisema, "Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Hapo ndipo aibu ilipohamia kwake kabisa. Alianza kuishi kama alivyoagizwa. Aliitoa mota kwenye cherehani, akarudi kukanyaga kwa miguu, na jioni alitembea mpaka nyumbani, shati limelowa mgongoni. Kreti ya soda aliiondoa kazini, akaileta nyumbani kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Mama Pacha ndiye aliyezinywa zile soda. Alizifungua moja moja mchana kwa sababu kiu ilimshika, na akawa anasinzia kwenye kiti mwiko ukiwa mkononi. Mume anakula majani yake upande mmoja wa meza, mke anamalizia soda alizoziacha mume upande wa pili, na kati yao gauni limetundikwa mlangoni. Fundi alipungua. Suruali ilianza kumteremka, na watu wakamsifu, na kila sifa ilimchoma kwa sababu alijua anajiokoa peke yake.

Laiti ningeweza kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyomfungua mdomo. Haikuwa dhamiri. Kulikuwa na harusi ya binti wa jirani, Mama Pacha akampa gauni alipige pasi kama kawaida, na Fundi alipoliweka mezani aliona kwamba limefika mwisho. Akiba ya ndani ilikuwa imekwisha zamani. Ukutani palibaki msumari tu. Hata pindo la chini alishaliiba. Alizunguka meza, akalipindua huku na huku, akatafuta hata upana wa kidole, hapakuwa na kitu. Kama kipande kingebaki, angeshona na kunyamaza tena. Alilijua hilo wazi, na alibaki amesimama na pasi mkononi, anajichukia.

Jioni ile alimkuta mkewe chumbani anapaka miguu mafuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda, gauni mapajani.

"Mama Pacha, gauni hili halikuingii tena."

"Zipu tena?"

"Zipu haikuwahi kuwa mbovu."

Alimweleza yote. Hakumtazama usoni, alilisemesha gauni. Mama Pacha alinyoosha mkono, akalichukua, akatafuta wembe kwenye droo ya cherehani ndogo ya nyumbani. Akaanza kufumua ubavu. Nyuzi zilipoachia, kitambaa kilifunguka na ile mistari ya mishono ya zamani ikaonekana, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja mahali ulipowahi kushikilia. Akaweka kidole kwenye wa kwanza.

"Huu?"

"Pacha walipoanza shule."

"Na huu?"

"Tulipohamia hapa."

"Huu?"

Fundi alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Baada ya mazishi ya mama. Ulikuwa huli chakula, ulikuwa unakunywa chai tu na mkate. Nilidhani utaumia zaidi ukijua."

Mama Pacha aliendelea kupapasa mistari kwa kidole, taratibu.

"Nilipokuwa nawaambia wenzangu kwamba sijabadilika, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

"Na wao walijua?"

Angeweza kumdanganya tena hapo. Ilikuwa rahisi, na mazoea yalimvuta. "Macho wanayo, mke wangu," akasema.

Uso ulimshuka Mama Pacha. Hakupiga kelele, na Fundi aliomba moyoni apige. Mkewe aliyaona yote upya: kila alipojigeuza ubavu, kila alipowatania wenzake, zile nyuso zilizokuwa zinacheka na zile zilizokuwa zinaangaliana. Alikunja gauni lililofumuliwa, akaliweka juu ya meza.

"Mimi nilimuosha mama yangu mguu ule," akasema. "Ulikuwa unanishikia beseni. Uliuona kama nilivyouona. Halafu ukarudi kazini ukanishonea."

Alichukua mto wake, akaenda kulala chumba cha pacha. Fundi alibaki na gauni, na hakuna alichoweza kulifanyia.

Asubuhi alimkuta mkewe amekaa mlangoni, hajanywa chai, viatu mguuni. "Twende huko kwa nesi wako," akasema. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi ndani ya foleni ile walikuwa majirani, akiwemo kinyozi aliyekuja kurudia kipimo. Zahanati yenyewe haikuwa na pazia la maana, anayeulizwa mezani alisikika mpaka kwenye benchi la mwisho.

Nesi alimpima kiuno, akamchoma kidole, akamuuliza habari za mama yake, kiu yake, usingizi wake. Kisha akauliza, "Na uzito huu ulianza kuongezeka lini, mama?"

Mama Pacha alifikiri. Mtu gani hajui habari za mwili wake mwenyewe? Akageuka, akanyoosha kidole kwa mumewe.

"Muulize fundi wangu."

Benchi zima liligeuka. Fundi alisimama. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Akaeleza: mwaka gani alipanua mbavu, mwaka gani aliingiza utepe wa kwapani, lini pindo. Alieleza kwa sauti ya kusikika kwa sababu nesi alimwomba arudie. Wanawake wawili waliozoea kusikia habari za gauni la zambarau walitazama sakafu, nao wakiwa na haya zao, maana na wao walinyamaza.

Majibu yalipotoka, nesi aliwaita wote wawili. Mama Pacha alikuwa mlangoni kama mumewe, ila yeye mguu mmoja ulikuwa umeshanyanyuliwa kuvuka. "Hujavuka," nesi akasema, akarudia ili aelewe. "Ungekuja mwaka kesho, nadhani tungezungumza mengine. Sasa tunazungumza mboga na kutembea. Yaliyompata mama yako si lazima yakupate." Mama Pacha alilia hapo, kwa mara ya kwanza. Fundi alinyoosha mkono amshike, akaurudisha, hakujua kama bado ana ruhusa.

Wakaanza. Soda zilizobaki walimpa muuza duka. Mama Pacha alipanda mboga nyuma ya jikoni, akabadilisha sahani za nyumbani akaleta ndogo, akaacha sukari kwa hasira kama mtu anayefukuza mgeni mbaya. Asubuhi walitembea, yeye mbele, mumewe nyuma yake. Alijibu akiulizwa, alipika, alicheka hata na majirani. Lakini nguo hakumpa tena. Wiki zikapita hajampa hata kifungo cha kukaza.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wa Fundi, kulikuwa na fundi mwanamke waliyemwita Kavu. Jina lilimfaa. Alimwambia mteja mbele ya watu, "Mama, umeongezeka, na kitambaa ulicholeta hakitoshi." Wateja walimkimbia, wengi wakavuka barabara kuja kwa Fundi kutulizwa. Ushonaji wake wenyewe ulikuwa wa kusukuma tu.

Asubuhi moja Mama Pacha alitoka chumbani amevaa gauni jipya la kijani, tayari kwa matembezi. Fundi aliutambua mshono kabla hajauliza. Mafundi wanatambuana mishono kama watu wanavyotambua mwandiko.

"Umeshona kwa Kavu," akasema.

"Nimetafuta fundi asiyenipenda," mkewe akajibu, bila ukali, huku akifunga kamba za viatu. "Alinipima, akanitajia inchi zangu moja moja, mteja mwingine yupo anasikia. Niliona aibu. Lakini nimezijua."

Njia ya matembezi ilipita mbele ya safu nzima ya mafundi, na saa ile walikuwa wanafungua milango. Kila mmoja alimwona mke wa Fundi amevaa nguo ya fundi mwingine. Muuza vifungo alisalimia, akainama haraka kwenye sanduku lake. Kinyozi alitazama gauni, akamtazama Fundi, akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa. Fundi alitembea kati yao, uso unawaka, hatua moja nyuma ya mkewe. Kutoka pale nyuma aliona kila kosa la Kavu: bega limepanda, ubavu umekaza, kitambaa kimejikunja mikunjo midogo kila mguu ulipopigwa. Mkono wake mwenyewe ulikuwa unamwasha. Maneno ya zamani yalimjia yote ulimini, matamu, tayari kutoka: limekupendeza, limekukaa, hujabadilika.

Alikaza mwendo mpaka akawa sambamba naye.

"Mama Pacha," akasema, "hilo gauni linakubana."

Mkewe hakupunguza mwendo. "Ubavuni?"

"Ubavuni na kwapani."

"Ndivyo ninavyolisikia na mimi," akasema. "Twende."